Mama wa Fremu ya Dhahabu

Langley Park, 9 Mei 2004

Dada Jepkosgei,

Basi nikavua kofia. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kumtunza bibi mzee mmoja wa Fairfax, hapa Marekani, na sebuleni kwake, pale juu ambapo sisi hutundika picha ya marehemu, kuna mwanamke ndani ya fremu ya dhahabu. Nikasema, "Pole sana kwa mama yako." Bibi alicheka mpaka nikamletea maji.

Ngoja nikusalimie kwanza. Hamjambo? Kifua cha mama kimepoa? Mimi ni mzima.

Sasa, yule si mama yake. Ni mwigizaji wa Uingereza ya zamani, Charlotte Hale, alikufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Bibi alifundisha maigizo, anamwongelea kama jirani. Eti akivaa suruali acheze mwanamume, watu walivunja mlango wa ukumbi wakitaka kuingia! Aliwekwa kinyumba na tajiri mmoja, halafu mwingine, hilo Bibi hafichi. Magazeti yakamwita malaya. Na haohao waliomwita hivyo, jioni wako viti vya mbele.

Dada, ana macho yule. Nikipanguza vumbi naangalia chini.

Kakako,
Kipchumba

Eldoret, 28 Mei 2004

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi. Mama anakohoa kidogo tu, anauliza kama unakula.

Barua yako ilinichekesha, halafu nikalia. Charlotte wa hapa ni mimi. Nilicheza mke wa askari kwenye mchezo wa kuigiza, mwanamume akanishika mkono mbele ya watu. Baba mdogo Dunstan alikuwepo. Alipiga makofi, nilimwona kwa macho yangu! Kesho yake akamwambia baba nimekuwa malaya wa jukwaa.

Wazee wa ukoo watakaa nyumbani kunijadili Jumapili tarehe 13 Juni, kanisa likitoka. Baba anasema wewe ndiye kifungua mimba, anangoja neno lako. Ukinyamaza, basi umekubaliana nao, na mimi lango la nyumbani siingii tena.

Najua hujawahi kumpinga baba. Hata kukuomba naogopa.

Dadako,
Jepkosgei

Langley Park, 13 Juni 2004

Dada yangu,

Natumaini hujambo, na mama pia. Barua yako imefika juzi.

Jana nilimuuliza Bibi, huyu Charlotte alijuta? Akasema, "Walioandika juu yake ni wengi. Aliyemuuliza, sijamwona."

Nikamwangalia yule wa fremu usoni, mara ya kwanza. Dada, hashushi macho! Wameandika yote yale, na bado anakuangalia tu, kama anangoja useme lako. Nikaanza kumwambia yeye yale ya kumwambia baba, kwa Kiswahili, polepole: "Baba, muulize Dunstan kwa nini alipiga makofi. Jepkosgei ni mtoto wako, lango ni lake." Sauti ilikuwa ndogo. Bibi haelewi hata neno moja, lakini akaniita kutoka kwenye kiti chake: "Sauti juu! Wa nyuma hawasikii!"

Nikarudia. Akasema tena, "Juu!" Nikarudia mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Ukipata barua hii, utakuwa unajua kama nilisikika. Acha niende. Hapa ni asubuhi, lakini huko kanisa limeshatoka na wamekaa, na simu ya barabarani iko wazi, hakuna mtu kwenye foleni.

Kakako,
Kipchumba