Nani Atamgusa Nekesa Kiwiko

Kagoya, mwalimu wangu,

Wamemtoa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonikaba, hata salamu sijui niitie wapi. Nekesa wangu hayuko tena darasani kwako. Kwenye benchi lake la mbele, karibu na dirisha, amekalishwa mtoto mwingine, anayesikia, na hedimasta ameniambia nimshukuru Mungu kwamba yameishia hapo.

Tangu tukuzike kule Budondo mambo yanaharibika tu. Ulituacha vibaya, we mwanamke. Nchi nzima inapanga foleni ya sukari, na wewe unacheka kwamba unayo ya kutosha ndani ya damu, mpaka dawa yake ikakosekana hospitalini, ikakosekana hata kwa magendo. Daktari aliyekuwa akikutibu alikwisha kukimbia nchi. Ukaenda hivyo hivyo, na mimi nimekukasirikia mpaka leo.

Unakumbuka ulivyonikuta? Nilikuwa nakaanga mihogo pale Mpumudde, siku hizo mafuta yanapatikana, na Nekesa nimemfunga kanga kiunoni, ncha ya pili nimeifunga kwenye mguu wa meza, asije akaingia barabarani. Ulinunua muhogo ukauliza mbona mtoto mkubwa hivi hayuko shule. Nikakujibu kwa ukali kwamba ni kiziwi, na kama unataka kumcheka ukamchekee mbali. Watu pale sokoni walikuwa wakisikia Kiswahili changu cha Kenya wanadhani mimi ni mke wa askari, maana huku Kiswahili ni lugha ya jeshi, wananyamaza. Wewe hukujali. Ulinijibu kwa Kiswahili chako kile cha Kisoga, "Mulete kesho. Kwani mihogo ndiyo itamufundisha?"

Nilimleta nikijua utamrudisha kabla ya saa sita. Hukumrudisha. Ulimkalisha na Hadija, binti wa yule muuza vitenge, ukamwambia Hadija kazi yake ni kumgusa kiwiko kila unapotaka kusema, ili Nekesa akutazame mdomo. Darasa zima likajifunza kuongea kwa mikono. Sijui nani alizitunga zile ishara, nadhani ni watoto wenyewe, maana nyingine zilikuwa za utundu mtupu. Hedimasta alikuwa ni tumbo kubwa. Wewe ulikuwa vidole viwili shavuni, pale penye kishimo chako. Na iliyokuwa muhimu kuliko zote ni kiganja kifuani: simama, tarumbeta imelia. Maana jioni wakishusha bendera kule kambini, kila aliye barabarani anasimama kama mti, na asiyesikia atajuaje? Walikuwa wanarudi nyumbani kundi zima. Tarumbeta ikilia anaguswa kiwiko, anaona viganja vifuani, anasimama na wenzake.

Sasa sikia kilichotokea. Afande mmoja alikuja kukagua shule, watoto wakapangwa uwanjani. Alipoanza kuhutubia, nusu ya darasa lako wakainua mikono kumweleza Nekesa kinachosemwa. Ndivyo wanavyofanya kila siku, hata hawakuwaza. Afande akaona vidole na viganja vinapita kwenye mistari, akakatiza hotuba yake. Akauliza, "Hizi ni ishara za nani? Nani anawafundisha kupeana ishara?" Hedimasta alivyotetemeka, watoto bado wanamwigiza. Alisema ni mwalimu aliyekwisha kufa, na kwamba mambo hayo yatakoma. Kesho yake akapiga marufuku mikono, akamtoa Nekesa. Wazazi nao wakawakataza watoto wao kutembea naye. Simlaumu baba yake Hadija. Anaogopa, na mimi naogopa.

Nilimpeleka Mbale, kwa mama mkwe wangu pale Namatala, nikazunguka naye shule za huko. Ya kwanza waliniambia nimpeleke hospitali. Nyingine, mwalimu alimpigia makofi nyuma ya kichwa, alipoona hageuki akacheka, akasema hawana darasa la mabubu. Nilitamani ungekuwepo, ungemla mzima mzima. Mama mkwe anasema nimwache kwake, awe anafungiwa ndani, huko atakuwa salama. Nikaikumbuka ile kanga na mguu wa meza. Baba yake yuko Kenya na lori lake, hata wa kushauriana naye sina. Nikarudi naye Jinja.

Juzi jioni nilikuwa upande huu wa barabara na beseni langu kichwani, yeye ametangulia upande wa pili. Tarumbeta ikalia. Watu wote wakasimama, na mimi nikasimama. Yeye akaendelea kutembea. Kagoya, nilimwona askari akimfuata, akimwambia "Simama wewe," halafu akipiga kelele, na mimi siwezi kusogea, na hata ningemwita mtoto wangu angenisikia kwa sikio lipi. Hadija alikuwa pale pale, kiganja chake kifuani, lakini Nekesa alikuwa ametazama mbele na hakuna wa kumgusa. Askari akamshika bega, akamzaba kofi la sikio, sikio hilo hilo lisilofanya kazi. Nekesa hakulia. Aligeuka, akaona watu wamesimama, akaweka kiganja kifuani kumwonyesha kwamba sasa ameelewa. Askari aliona ishara tu. Akampiga tena.

Nyumbani nilimkanda uso kwa maji ya moto. Akaniuliza habari zako: vidole viwili shavuni, halafu mikono wazi. Jeneza aliliona, udongo aliuona, na bado anauliza. Nikalaza shavu kwenye kiganja, kwamba umelala. Akanitazama vile mtu mzima anavyomtazama mtoto mwongo. Halafu akajigusa kiwiko mwenyewe, akaningoja nijibu. Nililia mpaka ikabidi yeye ndiye anifute machozi.

Nimechoka, rafiki yangu. Naogopa wataniita mchochezi, naogopa watanichukua na yeye abaki na nani. Usiku silali. Lakini nakuahidi hivi: kesho nauacha muhogo sokoni, naenda naye darasani kwako, nakaa naye kwenye benchi la watoto na magoti yangu haya ya mtu mzima, na mwalimu akifungua mdomo mimi ndiye nitakayemgusa. Wakitutoa ndani tutakaa mlangoni. Wakitutoa mlangoni tutakaa nje ya geti, wenzake wamwone wakipita. Ananifundisha ile mikono yenu. Nakosea sana, ananicheka.

Pumzika, Kagoya. Tarumbeta ya kesho itanikuta nimemshika mkono.

Ni mimi,
Mama Nekesa, Mpumudde