Udongo Niliouchukua Mahameni

Bi Zamda, shikamoo. Naomba unisaidie, wala usinifiche ukweli hata kama utaniuma.

Mimi ni mkulima, mama wa watoto wanne, na mwaka jana tulihamia kijiji kipya cha Ujamaa upande wa Kwihara, tukagawiwa bustani ambayo trekta lilikuwa limekwangua udongo wote wa juu, akina mama tukapanda vitunguu, kila mmoja na tuta lake, jirani yangu Swaumu akiwa kiongozi wetu, lakini miche ikadumaa licha ya samadi na maji, nami nikakumbuka kwamba kule mahameni, nyumbani tulikohama, vitunguu havikuwahi kunisumbua, basi nikaaga kwamba naenda kutafuta kuni, nikachimba ndoo mbili za udongo uliojaa mizizi midogo midogo, nikautia konzi moja moja kwenye mashimo ya miche yangu tu, na sikumwambia mtu kwa sababu tumekatazwa kurudi kule.

Vitunguu vyangu vikanenepa hadi wapita njia wakawa wanasimama kutazama. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akanyoosha kidole kwenye tuta langu, akamwambia Swaumu, "Udongo ni huu huu, maji haya haya. Wewe na wenzako mmelala." Akamvua uongozi mbele ya wakwe zake. Swaumu akanigeukia, "Veneranda, umefanya nini ambacho mimi sikufanya?" Nikamjibu, "Nimepalilia tu."

Tangu siku hiyo hanisalimii, na mume wangu Sylvester anasema ninyamaze tusije tukaitwa wapinga maendeleo, na baada ya wiki tatu tunapanda tena, na miche ya wenzangu najua itadumaa. Nifanyeje?

Veneranda

JIBU

Marahaba, Veneranda. Kuchukua udongo wa kwenu si jambo la kukutesa hivyo. Kinachokutesa ni lile jibu, "nimepalilia tu", nawe unalijua.

Nimemuuliza bwana shamba Abbasi, hapa Gongoni. Anasema katika udongo uliokaa na mimea kuna kuvu, ndugu wa uyoga, ndogo hata jicho halizioni. Zinaingia kwenye mizizi na kutandaza nyuzi mbali kuliko mzizi unavyofika, zinauletea mmea chakula cha ardhini, nao mmea unazilisha sukari yake. Kitunguu, kwa kuwa mizizi yake ni michache, kinazihitaji sana. Trekta liliziondoa pamoja na udongo wa juu, ndiyo maana samadi haikutosha. Kwa hiyo Swaumu hakulala.

Huna haja ya kurudi mahameni. Kuvu zimo sasa katika tuta lako. Chimba pale vitunguu vilipokuwa na afya, pasipo ugonjwa, uchukue udongo pamoja na mizizi yake, na kila mwanamke atie konzi moja chini ya kila mche. Usiukaushe juani. Mkishavuna msichome majani wala kuacha ardhi wazi, pandeni kunde.

Lakini kwanza nenda kwa Swaumu, wiki hii, peke yako, mikono mitupu. Mweleze ulichofanya na kwa nini ulinyamaza. Akikusema, pokea. Kisha simama mkutanoni, useme hayo hayo mbele ya wale wale waliosikia akiaibishwa, na umwombe mwenyekiti amrudishie uongozi wake kabla miche haijang'olewa kitaluni.

Sylvester anaogopa familia yenu isije ikapata jina baya. Mwambie jina hilo limeshatolewa, na anayelibeba ni Swaumu.