Sanda Iliyopanda Jukwaani

Fianarantsoa, Mji wa Juu
Jumapili baada ya ibada, mwezi wa Juni

Dada yangu mpendwa Lantosoa,

Kabla ya salamu nitoe hili lisije likanikaba: nimeivaa sanda ya Bibi. Sijamwambia mtu. Mama hajui, mwalimu wangu hajui, hata mchungaji leo asubuhi nilimkwepa macho. Wewe ndiye wa kwanza. Sasa keti, vuta pumzi, uniruhusu nikusalimie kama mtu aliyelelewa.

Hujambo Dada? Masomo ya uuguzi yanaendaje, na hilo joto la Toamasina limeshakuzoea? Huku baridi imekaa kwenye ngazi za mawe kama mgeni asiyejua kuaga. Mama mzima, anakusalimu sana na anauliza kama sweta alilokutumia unalivaa. Nimemwambia unalivaa. Bibi naye anaendelea, anakula, anatukana jogoo wa jirani kila alfajiri. Ila kifua chake bado, na moyo ndio ule ule. Nitafika huko.

Utasema mbona sikupiga simu. Dada, simu ya nyumba hii ina masikio mengi kuliko kanisa. Barua nitampa dereva wa gari la kesho.

Basi unakumbuka ile kozi yangu ya sanaa na filamu, uliyocheka ukasema nimejiandikisha kwa kukosea mlango? Kazi ya mwisho ina sehemu tatu: unabuni vazi, unatengeneza filamu fupi, halafu unapanda jukwaani mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa Kifaransa, dakika tano mbele ya majaji. Na zote tatu lazima ziwe kitu kimoja. Anayefaulu anaendelea na filamu mwaka ujao. Anayeanguka anarudishwa mchepuo wa sayansi kupasua vyura. Vazi na filamu sikuviogopa. Lakini mdomo! Unanijua. Siku ya posa yako wageni walipotaka kumwona mdogo wa bibi harusi, mlinikuta nyuma ya gunia la mchele. Darasani Tojo, yule anayeshughulikia sauti na mitambo, ameniita Konokono tangu mwaka jana. Anasema nikiulizwa swali naingia ndani na kufunga.

Filamu yangu ni mikono ya Bibi. Tangu Machi nilikuwa nikimfuata na kamera ya shule, akichemsha vile vifuko vya hariri ya mwituni, akisokota uzi, akifuma pale chini kwenye kitanda chake cha mfumi, kile cha kufumia nguo. Viwavi vya ndani tulivikaanga kama kawaida, na nusu ya video zangu zina sauti yake akitafuna. Siku moja alinisimamisha akaniuliza, wewe mtoto, mbona kila siku unapiga picha mikono tu, uso wangu umekuudhi nini? Nikamwambia mikono haioni haya. Akasema kumbe mimi na mikono yake ni ndugu.

Na unajua alikuwa anafuma nini. Watu wazima wa hapa sanda zao hununuliwa na watoto, lakini yeye alikataa. Alisema hatalala milele ndani ya kazi ya mtu asiyejua kukaza uzi. Majirani walinong'ona wee, mpaka wakachoka.

Jumatatu iliyopita nilimwonyesha mwalimu wangu, Madamu Ralaivao, kazi yangu. Filamu niliirusha kwenye shuka jeupe la kitanda, vazi nilikivalisha kiti. Alitazama mpaka mwisho, akavua miwani, akasema filamu ni nzuri, vazi lina adabu, lakini vitu hivi viwili havijasalimiana, na wewe Volatiana uko wapi? Nikamjibu niko hapa, Madamu. Akasema anasikia sauti inayotoka nyuma ya kabati. Alinipa mpaka Alhamisi.

Jumanne Mama alikwenda sokoni, Bibi akashuka kwa fundi kofia. Nyumba tupu. Projekta ndogo ya shule ilikuwa kwenye begi langu. Nilifungua kasha la sanda, Dada. Nilijiambia nataka kutazama rangi tu, ile kahawia ya matope na magome ya miti, niilinganishe na vazi langu. Nikafunga madirisha, nikaitundika sanda msumarini, nikawasha.

Sijui nikuelezeje. Kwenye shuka jeupe mikono ya Bibi ilikuwa imepoa kama samaki. Kwenye ile hariri iliwaka! Kama taa imewekwa ndani ya ngozi. Mikono inafuma nguo, na nguo inayofumwa ndiyo hiyo hiyo inayoangaziwa. Nilipiga kelele peke yangu. Halafu, sijui nani alinisukuma, niliitoa msumarini nikajifunika, kichwa mpaka miguu. Mikono ya Bibi ikawa inatembea kifuani pangu, begani, shavuni. Na nikasema. Kwa sauti, Dada, sauti ya mtu anayeita ng'ombe! Vazi, filamu na mimi, vyote kitu kimoja, kama Madamu alivyotaka. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Alhamisi niliibeba chini ya koti. Tojo alipoiona aliuliza nimeitoa wapi nguo ya kitajiri namna hii. Nikamwambia ni ya bibi mmoja. Uongo haukuwepo hapo. Ila sikusema kama bibi huyo ameulizwa.

Majaji walikuwa watatu, mmoja ametoka Antananarivo, mtu mrefu mwenye kalamu nyekundu. Taa zikazimwa. Nikasimama katikati na vazi langu, sanda nimejifunika juu yake, Tojo akawasha, na mikono ikaanza kunifuma. Nikafungua mdomo nitoe utangulizi wangu wa Kifaransa nilioukariri wiki mbili. Dada, Kifaransa kilitoka mlangoni bila kuaga. Nikasikia Tojo ananong'ona, Konokono, sema hata jina lako!

Ndipo mdomo wangu ukaanza wenyewe, kwa lugha ya nyumbani, kama Bibi anavyoanza anaposimama mbele ya watu kwenye shughuli. Mimi si wa mbele, nikasema, mimi ni wa nyuma. Si kichwa, ni ukucha. Wapo wakubwa waliostahili kusimama hapa, naomba lawama ziondoke, zichukuliwe na mto ziende zisikorudi. Unajua kuomba radhi kwetu hakukatwi katikati. Basi nikaomba radhi kwa wazee, kwa majaji, kwa viwavi tuliowala, kwa miti iliyowalisha, kwa mikono ambayo nimeipiga picha bila kuipumzisha. Watu wakaanza kuitikia kama shughulini! Nilipofika mwisho wa radhi, dakika tano zilikuwa zimekwisha. Sikuwa nimesema lolote zaidi ya kuomba ruhusa ya kusema.

Nilijua nimeanguka. Nikaona vyura. Yule jaji mrefu akasimama, akasema karatasi yake inataka Kifaransa, na kwa haki angenikata alama. Halafu akaiweka kalamu chini akauliza, kwa lugha yetu, nguo hiyo kaifuma nani? Nikasema, mikono mliyoiona. Hapo ukumbi ulilipuka. Tojo alipiga mluzi mpaka akafukuzwa nje, na huko nje aliendelea.

Dada, nimekuwa wa kwanza! Wa kwanza! Alama za Kifaransa zilikatwa kweli, na bado nikaongoza. Madamu alinishika mashavu akasema leo amenikuta nyumbani. Mwaka ujao ni filamu, vyura wamepona.

Na si hilo tu. Jumamosi ijayo nitarudia onyesho lile lile katika ukumbi wa mji, mbele ya shule zote za mkoa. Na hapa ndipo furaha yangu inapokwama. Juzi Ijumaa asubuhi Madamu alipanda ngazi zote mpaka kwetu, akihema, kuja kumwalika Bibi akae mstari wa mbele kama mgeni wa heshima. Bibi alikubali kabla sentensi haijaisha. Aliuliza kitu kimoja tu, kama safari hii uso wake utaonekana. Kofia yake imeshafuliwa, inakauka dirishani ninapoandika, kila nikiinua macho inanitazama.

Bibi ataijua sanda yake kabla sijapiga hatua ya pili. Huyu ni mtu anayelitambua fundo lake gizani kwa kidole. Nilifikiri nitumie pazia la Mama, la kahawia, Bibi asijue chochote maisha yake yote. Jana shuleni nilijaribu. Picha ilikuwa nzuri tu. Lakini nilipofungua mdomo ndani ya pazia, hakikutoka kitu. Tojo akasema poleni jamani, Konokono amerudi kwake. Kwa hiyo ni sanda au si chochote, na sanda lazima iwe kwa ruhusa, na ruhusa lazima iombwe, na kitu cha wafu hakichezewi. Tumeambiwa hivyo tangu tukinyonya. Tangu niirudishe kashani Bibi amekohoa mara saba. Nimehesabu. Kila kikohozi nasema ni mimi.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe ndiwe mkubwa, na mkubwa ndiye mdomo wa wadogo. Nakuomba Alhamisi umpigie Bibi, saa ambayo ameshika kikombe chake cha maji ya ukoko wa wali, maana hapo huwa mpole. Anza mbali. Omba radhi, zunguka, sifu hariri, halafu ufike kwenye sanda taratibu kama mtu anayevuka daraja bovu. Wewe unaweza. Mimi nitakuwa nyuma ya mlango.

Lakini siwezi kukutuma na nusu ya habari. Liko la pili, na hili ndilo lenyewe.

Unakumbuka Aprili, siku daktari aliposema moyo wa Bibi umechoka na hauna wa kuupokea zamu. Tulirudi naye, akakaa kwenye kitanda cha mfumi kana kwamba ametoka dukani, na mchana huo huo akamaliza. Akakata uzi wa mwisho kwa meno. Kamera ilikuwa inarekodi. Akainua uso, mara ile moja tu niliyompiga picha ya uso, akasema, haya, sasa niko tayari, nileteeni viwavi vyangu. Mama alicheka, wote wakacheka, nami nilicheka nyuma ya kamera. Katika kuhariri niliisikiliza sentensi hiyo mara arobaini, halafu nikaikata. Madamu nilimwambia nimeikata kwa sababu ya urefu. Ndiyo sababu uso wa Bibi haumo kwenye filamu.

Na Jumanne, Dada, sikufungua kasha kwa ajili ya rangi. Hilo nililijua hata nilipokuwa nafungua. Nilifikiri kwamba nikiivaa mimi, ikashika jasho langu, ikanuka mimi, itakuwa imekwisha kuwa nguo ya mtu hai, na itapotea njia ya kumfikia Bibi. Nina miaka kumi na saba, najua ni fikra za mtoto wa miaka mitano. Ila kule jukwaani sikuogopa watu mia mbili, na sababu ndiyo hiyo. Kwa dakika tano sanda ilikuwa na kazi nyingine.

Basi usinicheke. Au nicheke, lakini ukimaliza unipigie Bibi. Wasalimie wenzako wa bwenini, hasa yule anayekupikia. Mama anasema usitembee na mvua. Nakuombea mitihani mepesi na wagonjwa wenye shukrani.

Ni mimi mdogo wako, wa nyuma na si wa mbele,
Volatiana

Dada, nilikuwa nimeshakunja. Nasikia fimbo ya Bibi kwenye ngazi, na anaita jina langu lote, lile la ubatizo. Anasema, nani katika nyumba hii ameikunja sanda yangu kama daftari la shule?

Mkono wangu umeshaisukuma karatasi hii nusu chini ya godoro. Amesimama ngazi ya kati, anakohoa. Anasema haniiti mara ya tatu.

Usipige simu Alhamisi. Naiacha mezani barua, wazi, na kalamu juu yake. Naenda kumfungulia kabla hajagonga, nianze mwenyewe: mimi si kichwa, Bibi, ni ukucha