Magesa, Mtoto Amelikataa Jina Lako

Baba Neema,

Anayeshika kalamu ni Neema. Mimi shule niliiona kwa nje tu, unajua. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie maneno.

Mwanawe wa kiume, mjukuu wako, ana miezi minne sasa. Ulipolala mara ya mwisho kule hospitali uliniambia, "Jina langu lisife huku kwenye baridi." Nikakuahidi. Alipozaliwa tukamwita Magesa. Akalia. Akalia wiki, akalia mwezi. Daktari hakuona kitu.

Unakumbuka Neema alivyolia kule Musoma? Ulimpakata ukataja wafu wenu mmoja mmoja, kutafuta anayetaka kuitwa, na ulipofika kwa shangazi yako yule mkorofi, akanyamaza. Nikasema, "Tumekwisha, yule mwanamke amerudi." Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Basi na mimi nikataja. Wa kwenu, wa kwetu, nikawamaliza. Analia tu.

Halafu Grace, dada yake, akapewa kazi na mwalimu: aandike habari za wazungu wa mwanzo wa hapa Scarborough, na ukoo wao ulikotoka. Tukaenda kwenye makaburi ya zamani nyuma ya maduka, mtoto mgongoni kwangu. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa mzito. Grace akawa anasoma mawe kwa sauti, mimi nabembeleza. Akafika kwa mtu aliyejenga kinu cha kwanza, yule ambaye barabara ya basi letu ina jina lake.

"Angus," akasoma.

Mtoto akaacha kulia.

Nikamshusha mtoto nimtazame. Anacheka, Baba Neema, macho juu ya bega langu, kama mtoto aliyeinamiwa na mtu. Nikageuka. Ukungu tu.

"Bibi, amechoka huyo," Grace akasema. Lakini hakusoma jiwe jingine.

Maktabani Grace akaambiwa kwamba mtu huyo alivuka bahari akiwa ananyonya. Babake alifia melini, mamake akafa walipofika. Majirani wakamlea, wakampa jina la mtoto wao aliyekufa: Angus. Alilozaliwa nalo halijulikani mpaka leo.

Nikarudi kaburini peke yangu. Nikamwambia, "Wewe una barabara, una shule. Mume wangu ana huyu mmoja tu. Mwache."

Siku hiyo mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, midomo ikageuka rangi. Neema akanitazama. Nikalitamka lile jina la kaburini. Akalala.

Anaitwa Angus. Ahadi nimeivunja mimi, si Neema. Nikimwita anageuka upesi, ila hanitazami mimi, anatazama nyuma yangu. Siku hizi nasogea kando, nampisha huyo mtu.

Kama umenuna, ninunie mimi. Njoo unisumbue, nina hamu nawe hata ya ugomvi. Ila kwa mtoto usiende. Pale pana mtu tayari.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema