Madaftari Tisa ya Mvua

Bweni la Wanafunzi, chumba namba 14
Jumanne

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepoa na unaweza tena kuamka alfajiri kupima mvua. Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyoni sina amani.

Unajua kuwa nimebakiza somo moja nihitimu. Mwaka huu somo hilo halifundishwi. Msajili alinieleza kuwa njia iliyobaki ni kufanya utafiti wangu binafsi chini ya mhadhiri atakayekubali kunisimamia, na fomu yenye saini yake ifike ofisini kabla ya Ijumaa ijayo. Isipofika, jina langu litafutwa, maana muda niliopewa wa kuhitimu unaishia hapo. Nina miaka sitini na mitatu, sitaanza upya.

Nimebisha milango kama mchuuzi wa sabuni. Mhadhiri wa kwanza alisema wanafunzi alionao wanamtosha. Wa pili, rika la wanangu, aliniuliza huku akicheka kwa nini mzee mzima sikai nyumbani nikacheza na wajukuu. Wa tatu ni mama mmoja ambaye wanafunzi humwita Bi Takwimu. Huyo aliniambia kuwa mawazo yangu kuhusu mvua ni mazuri, lakini yeye hasimamii mawazo. Je, nilikuwa na vipimo? Nikafungua mkoba, nikamwekea mezani madaftari yako tisa.

Ndiyo, mdogo wangu. Ninayo mimi; usiendelee kuyatafuta. Niliyachukua kabatini nilipokuja kukuona, kwa nia ya kuyarudisha kabla hujajua.

Aliyapekua kwa utulivu, akauliza ni nani aliyepima kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja. Nikajibu kuwa ni mimi. Mimi, mwalimu niliyewasimamisha watoto wa watu mbele ya darasa kwa kunakili! Kisha akaweka kidole penye maneno uliyoyaandika pembeni: "Milimita kumi na mbili. Pacha, wote wazima." Akauliza ni pacha wa nani. Ningemtaja mkunga aliyeyaandika, yaani wewe, uongo wangu wote ungefichuka. Nikasema ni wa mbuzi wangu.

Ilikuwa tarehe waliyozaliwa wanangu, mikononi mwako.

Jana nilirudi kwake nikamweleza kila kitu. Hakunifokea. Alisema tu kwamba hatatia saini mpaka mwenye madaftari aridhie kwa mkono wake mwenyewe.

Fomu imo humu. Penye nafasi ya aliyekusanya vipimo nimekata jina langu, nimeandika lako. Ukiridhia, tia saini uirudishe upesi, nakuomba. Ukikataa, ichane. Madaftari yako yamo katika kifurushi hiki kwa vyovyote vile. Hata moja sikulibakiza.

Nisalimie shemeji na majirani wote. Wasalimie na wale pacha, ila nakusihi, usiwaambie kwamba baba yao aliwaita mbuzi. Nitawaambia mwenyewe.

Ndimi, kwa aibu,
Kaka yako