Kumtekea Bibi Maji

Kanazi, Jumanne, 4 Machi. Asubuhi ukungu mzito.

Mjukuu wangu Deo,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Shangazi yako amejifungua salama. Unauliza kama uniletee msichana wa kunisaidia, kwa kuwa naishi peke yangu.

Tulipohamia kijiji cha Ujamaa, nilikaa na bibi yangu. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikaona aibu mzee ateke maji. Nikamnyang'anya ndoo.

“Msomi, umeniweka hapa kama gunia la maharage!” akasema.

Nilicheka. Baada ya misimu miwili hakuweza kusimama bila kunishika mkono.

Vita vya mpakani vilipoanza nilipelekwa kufundisha mbali. Niliondoka nikilia, nikijiuliza nani atamtekea maji. Niliporudi likizo nilimkuta njiani, ndoo kichwani.

“Usiguse!” akanikemea nilipotaka kuipokea.

Mpaka leo sielewi kama nilimsaidia au nilimdhoofisha. Katika shajara, siku ile nilipomnyang'anya ndoo, niliandika tu, “Bibi amepumzika kuteka maji.” Sasa magoti yangu yanauma. Msaada nautamani, tena nauogopa.

Basi mlete. Apike, afue, lakini kisimani tutakwenda wote, kila mtu na ndoo yake.

Sasa ni saa tatu na dakika kumi usiku, nakwenda kulala.

Bibi yako