Manjanja Yenye Vipande vya Sandale Nyekundu

Bunia, tarehe 13 mwezi wa kumi 2003

Mpendwa mshauri wa redio, Mama Immaculée, naomba msaada, na naomba upesi, kwa sababu paa linapanda Jumamosi na mimi ndiye nitakayelipigilia.

Nina miaka ishirini na mitatu, nina diploma ya serikali, na tangu mwaka 2001 najifunza ujenzi kwa fundi Jérôme, ambaye ananiita Diplomé, na si kwa heshima. Vita hivi vimekuwa shule nzuri sana ya ujenzi, maana nyumba moja unajifunza juu yake mara tatu, unaijenga, unaiona ikibomolewa, unaijenga tena, na mwenye nyumba safari hii ni mwingine. Mimi ni mtu wa kuandika, nina daftari ambamo kila siku naweka tarehe na kazi tuliyofanya, kwa hiyo haya ninayokuambia si ya kukisia.

Tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 2002 fundi alikwenda kwenye matanga akaniachia peke yangu paa la Mama Alphonsine, mjane wa mtaa wa Nyakasanza, na mimi kwa akili yangu ya shule nikaona kwamba msumari unakaa imara zaidi kwenye bonde la bati kuliko mgongoni, kwa kuwa bonde limelala juu ya mbao na mgongo unaelea, basi nikapiga yote mabondeni, na jioni nikaandika kwenye daftari “kazi safi”. Tarehe 12 mvua ikanyesha, na maji nayo yakapita mabondeni. Nilipoitwa nilikuta sufuria sita sakafuni, na mama alipouliza kuna nini nikamwambia manjanja yake, hayo mabati, yametoka Ariwara yakiwa yametoboka, muuzaji wa kule amemdanganya, naye akaniamini, akanipa chai, nami nikapanda juu, nikakata sandale yangu moja ya plastiki nyekundu vipande vidogo, nikaziba matundu kwa vipande hivyo na lami. Nusu ya matundu yaliziba. Tangu siku hiyo Mama Alphonsine alikuwa akimwombea kila Jumapili yule mtu wa Ariwara, Mungu ambadilishe roho. Fundi sikumwambia.

Mwezi wa tano mwaka huu, vita vilipoingia mtaani, mama alikimbia na wajukuu watatu, na aliporudi alikuta kuta nne na mbingu. Sasa yuko kambini karibu na uwanja wa ndege, chini ya bashi, turubai la plastiki, na nilipomtembelea alisema maji yanaingia vile vile, ila hapa hakuna mtu wa Ariwara wa kumwombea.

Ijumaa iliyopita, tarehe 10, Bwana Floribert, mfanyabiashara tunayemjengea nyumba, alileta manjanja kumi na nane akasema ni okazio, yaani yamekwisha kutumika, na siku hizi Bunia kila kitu ni okazio, milango okazio, vitanda okazio, na hakuna anayeuliza mwenye kitu alikuwa nani. Fundi Jérôme akainua bati moja, akatazama jua kupitia matundu.

“Mukuye muone! Huyu fundi alipiga musumari mu bonde!”

“Mu bonde?” akauliza Bwana Floribert.

“Mu bonde, patron, musumari yote! Na angalia, akaziba na sandale! Alijifunzia kazi kwa nani, kwa kinyozi? Diplomé, weye kuya, kuya uone ndugu yako.”

Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, nikasema, “Kweli, fundi, huyu iko mujinga sana,” huku nikihesabu. Saba yana vipande vyekundu, yale mengine kumi na moja yalipigwa mgongoni.

Kwa fundi Jérôme, mwanafunzi anamaliza siku anapokabidhiwa nyundo mbele ya mwenye nyumba, na yangu nimeahidiwa Jumamosi. Nikisema manjanja haya ni ya nani, wataniuliza nayajuaje, na jibu ni moja tu, na nyundo ndiyo basi. Nimeandika njia tatu: kunyamaza, kumpelekea mama barua isiyo na jina, au kuugua Jumamosi. Ipi ni bora? Tafadhali badilisha majina.

Mwanafunzi wa fundi

*

Mwanafunzi wa fundi,

Pole. Naitoa mapema kwa sababu huko mbele sitapata nafasi.

Njia zako tatu nimezisoma. Zote tatu zinafanana kwa jambo moja: wewe unabaki mkavu. Umeandika tarehe ya msumari, tarehe ya mvua na hesabu ya sufuria. Tarehe uliyomwambia yule mama ukweli sijaiona. Daftari zuri hilo, ulishone pamoja na mengine, labda litafunika mjukuu mmoja.

Katika mji huu ambapo kila mtu anaogopa bunduki, wewe unaogopa kuchekwa. Hongera, una vita vyako mwenyewe.

Na hiyo barua isiyo na jina, mwanangu? Mjane aende peke yake kwa mfanyabiashara na karatasi isiyo na mwenyewe, aseme nini? Mabati yote ya Bunia yanafanana. Ushahidi pekee kwamba yale saba ni yake ni ujinga wako. Fundi mzuri angepiga mgongoni, na leo mama huyu asingekuwa na kitu cha kuonyesha. Kwa mara ya kwanza kazi yako mbaya inaweza kumfaa mtu, nawe unataka kuugua!

Sasa sikiliza. Leo, kabla ya giza, nenda kambini. Usianze na manjanja, anza na mvua ya tarehe 12. Mwambie mtu wa Ariwara hana kosa lolote. Akikutukana, kaa chini umalize kutukanwa. Kesho asubuhi mfuate fundi wako kabla wafanyakazi hawajafika, umwambie ndugu yako wa bondeni ni nani. Atakayosema unayajua, uliyacheka mwenyewe. Kisha muende kwa mfanyabiashara mchana, na mama na shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wake. Neno wizi lisitoke kinywani mwako, wala usiulize nani aliyemuuzia. Hilo linaua watu. Sema tu: haya saba niliyapigilia mimi kwa mama huyu, na sandale ya pili hii hapa. Ninajua unayo, mtu wa daftari hatupi kitu. Akikubali, uyapandishe wewe mwenyewe juu ya zile kuta nne, mgongoni, bila chai. Akikataa, Jumamosi mikono yako isiguse paa lile, hata kama nyundo itakwenda kwa mwingine.

Wala usiniambie utafikiri kwanza. Barua yako nimeisoma hewani neno kwa neno, na kambini redio ziko. Majina yote nimebadilisha, kama ulivyoomba. Sandale nimeiacha nyekundu, na sufuria nimeziacha sita. Ukitoka sasa hivi, utamkuta bado hajazima redio.